Nani Aliyewavumbua Ndege wa Nchi Yetu?

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma mazungumzo haya kitabuni, leo twataka kusema habari za ndege na wanyama wa nchi iliyo kusini na magharibi ya Ziwa Victoria, hasa nchi ya Runzewe, katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita. Wazee waijua kuwa nchi ya Mkoa wa Shinyanga, kwani Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 tu. Apitaye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Biharamulo, na mbele yake Rwanda na Burundi, huuona mji wa Runzewe kando ya njia, wenye maduka na magari mengi, naye akipita upesi hudhani hapana kitu kingine. Lakini nyuma ya maduka kuna mashamba, na nyuma ya mashamba kuna mwitu wa miyombo ushukao kusini na magharibi mpaka Kigosi na vinamasi vya Muyovozi. Katika mwitu huo yumo ndege mmoja ambaye tungependa kumsimulia kwa kirefu. Lakini kwanza hatuna budi kueleza jambo jingine, ili habari yake ifahamike.

Katika vitabu vya elimu ya ndege vilivyopigwa chapa Ulaya, kila ndege ana jina la Kilatini, na baada ya jina hilo huandikwa jina la mtu na mwaka. Mtu huyo ndiye aliyemweleza ndege kwa maandishi mara ya kwanza, wala si lazima awe amemwona akiruka. Mara nyingi alikuwa ameketi katika chumba cha makumbusho, na mbele yake ngozi kavu iliyojazwa pamba, yenye kipande cha karatasi kilichofungwa mguuni. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa kuvumbua. Hatusemi kwamba ni kazi ya bure, kwani bila majina yanayojulikana kila mahali mtu wa Shinyanga na mtu wa Berlin hawawezi kujua kama wasema habari za ndege mmoja au wawili. Twasema tu kwamba neno lenyewe, kuvumbua, lataka kuangaliwa vizuri.

Chukueni habari ya Speke, yule Mwingereza aliyeliona ziwa kuu karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Katika safari yake ya pili, pamoja na Grant, alipita Uzinza na Usui mwaka 1861, nchi zisizo mbali na Runzewe, akafika Karagwe kwa mfalme Rumanika. Huko alipata habari za mnyama wa jamii ya kulungu akaaye katika mafunjo na maji, mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame katika matope. Watu wa Karagwe walimwita nzoe. Katika Kiswahili twasema nzohe. Basi mwaka 1863 mnyama huyo akaandikwa katika vitabu, na jina alilopewa la Kilatini ni la Speke. Watu wa Karagwe walikuwa wamemwinda tangu zamani, wakajua alalapo na ajifichapo, wala hakuna hata mmoja wao ambaye jina lake limeshikamana na mnyama yule. Nzohe yupo hata sasa katika vinamasi vya Muyovozi, pamoja na korongo mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye watu husafiri kutoka nchi za mbali kumtazama. Vinamasi vile, pamoja na vya Malagarasi, viliwekwa mwaka 2000 katika orodha ya mataifa ya mahali pa maji penye thamani, mahali pa kwanza pa Tanzania kuingia katika orodha hiyo.

Baada ya Waingereza wakaja Wajerumani. Richard Böhm alifika mwaka 1880, akakaa Unyamwezi, kusini ya Tabora, akikusanya ndege na kuwachora. Mwaka 1884 akafa kwa homa katika safari ya Katanga, naye bado kijana. Jina lake limebaki kwa keremkeremu mmoja mdogo, ndege alaye nyuki, aliyeandikwa na Anton Reichenow wa Berlin mwaka 1882. Mwingine ni Gustav Fischer, tabibu aliyeishi Unguja, ambaye mwaka 1885 na 1886 alisafiri mpaka kusini ya ziwa. Alirudi Ulaya, akafa mwaka ule ule wa 1886. Mwaka uliofuata Reichenow akaandika habari za kasuku mdogo wa nchi ya Wembere, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara nyeupe kuzunguka macho, akampa jina la marehemu.

Kasuku huyo wamjua watu wa Nzega na Usukuma, na mkulima wa mtama hamsifu hata kidogo. Lakini watu wa ng'ambo walimpenda mno, wakamtaka awe ndani ya vizimba vyao. Katika miaka ya 1980 alikamatwa kwa wingi sana, akasafirishwa kwa maelfu na maelfu, mpaka mwaka 1992 Serikali ya Tanzania iliposimamisha biashara ile. Labda mtu atasema: ndege waendao kwa makundi kama wale wangekwishaje? Na aulize habari ya Marekani. Huko palikuwa na njiwa wa mwitu waliotanda angani hata jua likafichwa, wakiruka saa nyingi bila kundi kwisha. Watu wakawapiga kwa bunduki na nyavu, wakawapeleka sokoni kwa magari ya moshi. Njiwa wa mwisho wa jamii ile alikufa kizimbani katika mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Hakuna tena.

Sasa turudi kwa swali letu. Speke hakwenda peke yake, wala Böhm, wala Fischer. Katika nchi ngeni nani atamwonyesha mgeni mahali ndege anywapo maji? Nani atamwambia kwamba sauti ile si ya chura bali ni ya ndege? Majina ya watu hawa, wapagazi na wawindaji, hayakuandikwa ila machache. Mmoja tunayemjua vizuri ni Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana na Speke katika safari zote mbili za ziwa, kisha akafuatana na Stanley na Cameron. Bombay alikuwa Myao, aliyechukuliwa utumwani angali mtoto. Tafadhali liwekeni akilini kabila lake, kwa kuwa Wayao watarudi tena katika mazungumzo haya.

Basi ndege tuliyemwahidi ni mlembe, yule aongozaye watu kwenye asali.

Mlembe si ndege wa kutazamwa kwa uzuri. Rangi yake ni ya majivu na kahawia, umbo lake hupita kidogo la shomoro. Dume ana koo jeusi na doa jeupe shavuni, na wote, dume na jike, huonyesha manyoya meupe ya mkia warukapo. Lakini amwonapo mtu mwituni huja karibu, hutua juu ya tawi, akapiga kelele za haraka haraka kama mtu atikisaye kisanduku cha kiberiti. Mtu akimfuata, huruka mbele kidogo, akatua, akaita tena. Vivyo hivyo mpaka kwenye mti wenye nyuki. Hapo hubadili sauti, kisha hunyamaza. Mrina asali hutafuta tundu, huwasha moto, huwatia nyuki moshi, hupasua mti kwa shoka na kutoa masega. Asali ni ya mtu. Ndege hungoja nta na mabuu, kwani yeye ni mmoja wa viumbe wachache sana duniani wawezao kula nta ikawashibisha. Peke yake hawezi kupasua mti, na nyuki wakali wakimchoma humwua. Kwa hiyo ana elimu ya mahali asali ilipo, na mtu ana moto na shoka.

Warina asali wa nchi nyingi za Afrika wajua hayo tangu zamani zisizohesabika. Wazungu waliyapata kidogo kidogo. Padre mmoja Mreno, João dos Santos, aliyefika Sofala mwaka 1586, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta, akasikia pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye nyuki. Akayaandika katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1609. Mwaka 1777 Sparrman, mtu wa Sweden aliyesafiri kusini ya Afrika, aliwaeleza wataalamu wa London habari hiyo hiyo, na jina la Kilatini alilompa ndege maana yake ni mwonyeshaji. Wakatokea wasafiri wenziwe waliokataa kumsadiki. Na kwa muda mrefu baadaye watu wengi wa elimu waliiweka habari ya mlembe pamoja na hadithi za sungura na fisi. Mmarekani mmoja, Herbert Friedmann wa makumbusho ya Washington, aliyewahi kusafiri Afrika, aliandika kitabu kizima juu ya ndege hawa mwaka 1955. Naye ndiye aliyewafanya wengi waamini. Lakini hata yeye hakuwa na hesabu za kuonyesha kwamba mtu hupata faida hasa kwa kumfuata ndege.

Hesabu zilikuja kutoka Kenya. Hussein Isack, Mkenya, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walifuatana na warina asali wa Waborana katika nchi kavu ya kaskazini kwa muda wa miaka mitatu, wakiwa na saa mkononi. Mwaka 1989 walitangaza waliyoyaona. Waborana wakitafuta nyuki katika nchi wasiyoizoea bila ndege walitumia kwa wastani muda wa karibu saa tisa kupata mzinga mmoja. Wakimfuata ndege, saa tatu na kidogo. Tena wakaona kwamba katika kila mizinga mia aliyoionyesha ndege, 96 ilikuwa ya namna asiyoweza kuifikia mpaka mtu aipasue. Waborana walikuwa wamesema kwamba kwa jinsi ndege arukavyo na aitavyo mtu aweza kujua upande na umbali wa nyuki. Wataalamu wakapima, wakaona ni kweli. Twaona jambo hili kuwa kubwa. Yaliyosemwa na wachungaji wasiojua kusoma yalipimwa kwa saa na kwa hatua, yakasimama.

Kisha ikaja zamu ya Wayao. Katika mwitu wa Niassa, kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, warina asali wa Kiyao huwa na mwito wao wa kumwita ndege: mtetemo mkubwa wa midomo, kisha mguno mfupi. Walipoulizwa kwa nini hutumia mwito ule, walijibu kwamba walirithi kwa baba zao. Claire Spottiswoode na wenzake Keith na Colleen Begg walitaka kujua kama ndege aufahamu kweli, au huvutwa tu na kelele za mtu. Wakatembea mwituni mara nyingi, mara wakipiga mwito wa Wayao, mara sauti nyingine za watu, mara sauti za ndege wengine. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016: waliposikilizisha sauti nyingine, kupata nyuki kulikuwa mara 17 katika kila mia, waliposikilizisha mwito wa Wayao, mara 54. Ndege wa mwituni kabisa, asiyefugwa wala kufundishwa, aelewa neno la mtu.

Bado jambo moja, nalo ndilo linalotugusa sisi wa Tanzania. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mashariki ya Shinyanga, hawamwiti mlembe kwa mtetemo, humpigia mluzi. Basi Spottiswoode na Mmarekani Brian Wood, aliyeishi na Wahadzabe miaka mingi, wakapeleka mluzi wa Wahadzabe Niassa, na mwito wa Wayao wakauleta Eyasi. Mwaka 2023 walieleza yaliyotokea. Ndege wa Eyasi waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Na wale wa Niassa waliitikia mwito wa Kiyao karibu mara mbili kuliko mluzi. Yaani ndege wa kila nchi wajua lugha ya warina wa nchi yao.

Wamejifunzaje? Hapo ndipo penye ajabu, kwani mlembe halelewi na mamaye. Jike hutaga yai katika kiota cha ndege wengine, kama wale keremkeremu tuliowataja. Na kinda atokapo, angali kipofu, huwa na ndoana kali mdomoni ambazo kwazo huwaua watoto wa mwenye kiota, ili chakula chote kiwe chake. (Tabia hii hatuisifu, ila ndivyo alivyo.) Hivyo hapana mzazi wa kumfundisha mwito wa watu. Hapana budi ajifunze mwenyewe akiisha kukua, kwa kuona na kusikia: mluzi huu, kisha moshi, kisha nta. Mahali ambapo hakuna tena apigaye mluzi wala awashaye moshi, atajifunza wapi? Friedmann aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1955 kwamba zipo nchi ambazo watu wameanza kununua sukari dukani na kuacha kurina mwituni, na huko ndege wameanza kuacha kuongoza.

Runzewe mwitu haujakwisha, na sababu yake moja si ya kupendeza. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Mahali pasipochungwa wala kulimwa, vichaka vikaota. Na vichaka vikaleta mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa upande huu na kuwakusanya katika vijiji vikubwa ili waepukane na malale, na mapori yakabaki kwa wanyama na nyuki. Shinyanga ikawa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya Swynnerton, bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika, ambaye mwenyewe alikuwa mpenda ndege kiasi cha kupewa jina lake ndege mmoja wa msitu mwaka 1906. Alikufa kwa ajali ya ndege ya kurukia mwaka 1938. Baada yake, tangu mwaka 1945, katika eneo moja la Shinyanga wanyama wa mwitu walipigwa risasi kwa maelfu kwa muda wa miaka mitano, ili ionekane kama mbung'o watakufa kwa kukosa damu. Sisi hatuwalaumu wenye ng'ombe walioshangilia. Aliyemzika mtoto kwa malale hawezi kuutazama mwitu kwa macho ya mgeni mwenye darubini. Lakini yafaa ijulikane kwamba mwitu uliopona ulipona kwa ulinzi wa inzi, na ulinzi huo sasa umepungua. Wakulima wamekuja, ng'ombe wamekuja, na wachimba dhahabu, na mkaa hutoka kwa magunia.

Warina asali hawakubaliani katika kila jambo. Wayao humwekea ndege masega juu ya majani mabichi, kama malipo. Wahadzabe mara nyingi hufukia au kuchoma mabaki, ili ndege asishibe akaacha kazi. Katika makabila mengi husemwa kwamba ukimnyima haki yake, safari ya pili atakupeleka kwa nyoka au kwa simba. Tena iko habari ya nyegere, kwamba naye huongozwa na ndege huyu. Mwaka 2023 wachunguzi walitangaza majibu ya warina karibu mia nne wa nchi tisa za Afrika waliokuwa wameulizwa. Wengi mno walisema hawajaona kamwe, lakini katika jamii tatu za Tanzania wengi walisema wameona. Hapo, wasikilizaji, hatujui kama wataalamu wameanza tena kutosadiki, au safari hii wamekuwa waangalifu zaidi.

Kwa hiyo twawaomba wanafunzi wa Runzewe, Uyovu, Ushirombo na vijiji vya pembeni ya mwitu, kila aliye na babu au mjomba arinaye asali, amwulize mambo haya na kuyaandika katika daftari: jina la ndege huyu katika lugha ya nyumbani, jinsi mzee amwitavyo, kwa mluzi, kwa neno, au kwa kugonga mti, nani aliyemfundisha, anachomwachia ndege, na sababu yake, na kama amewahi kumwona nyegere akimfuata ndege, ilikuwa wapi. Andikeni pia jina la mzee. Na mzee akikataa kuupiga mwito huo nyumbani mchana kweupe, kwa kuogopa ndege asidanganywe akaja bure, liandikeni na hilo.